Tundu Shingoni: Historia ya Saksafoni ya Umeme ya Selmer

Ukishika saksafoni kuukuu ya Selmer, aina ya Mark VI, ipapase kwanza shingoni. Shingo ni kile kipande kilichopinda kati ya mdomo anaopulizia mtu na bomba lenyewe. Kwenye baadhi ya ala zilizotengenezwa katikati ya miaka ya 1960, kidole kitakutana na kiraka cha shaba kilicholehemiwa juu ya tundu dogo. Ukishuka hadi kwenye bomba huenda ukakuta pia alama za skrubu ambazo hazifungi kitu chochote. Muuzaji anaweza kukwambia kwamba ala iliwahi kupasuka ikazibwa. Haikupasuka. Ilitobolewa kwa makusudi, na watu waliojua wanachokifanya, ili umeme upate pa kuingilia.

Hiyo ilikuwa Varitone: saksafoni iliyotoka kiwandani ikiwa na maikrofoni ndani ya shingo, kisanduku cha vitufe ubavuni, na amplifaya yake yenyewe. Wengi wanaozinunua leo huanza kwa kuuliza namna ya kuuondoa huo umeme ili ala irudi kuwa Mark VI ya kawaida. Naisimulia historia yake kwa sababu hiyo. Kila tundu linalozibwa linafuta ushahidi wa miaka michache ambayo wapuliza saksafoni, waliposukumwa nyuma ya jukwaa na gita la umeme, walikataa kunyamaza.

Saksafoni haikuzaliwa na sauti ndogo. Adolphe Sax, fundi aliyezaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, alipata hataza yake Paris mwaka 1846. Alikuwa ametafuta ala yenye nguvu ya tarumbeta na wepesi wa klarineti, na wateja aliowalenga walikuwa bendi za jeshi, zinazopiga nje, juani, huku zikitembea. Karibu miaka mia moja baadaye nguvu hiyo ilikuwa bado ndiyo fahari yake. Mwaka 1942 Illinois Jacquet, kijana wa miaka 19 aliyekulia Houston, Texas, alirekodi solo ya tenor katika wimbo wa "Flying Home" akiwa na bendi ya Lionel Hampton, na solo hiyo ikawa shule. Wapulizaji wa muziki wa rhythm and blues waliomfuata walijifunza kuifanya saksafoni ilie, ikoromee, ipige ukelele. Big Jay McNeely alikuwa akilala chali jukwaani huku anapuliza. Louis Jordan aliongoza kikundi chake na alto mkononi. Hata rock and roll ilipoanza, aliyepewa nafasi ya solo katikati ya wimbo mara nyingi alikuwa mpuliza saksafoni. Sikiliza "Yakety Yak" ya The Coasters ya mwaka 1958, ambamo King Curtis anajibizana na waimbaji kana kwamba yeye ni sauti ya tano.

Wakati huo gita lilikuwa linakuja taratibu kutoka nyuma. Katika bendi kubwa za miaka ya 1930 mpiga gita alikaa na wenzake wa midundo, akikwaruza nyuzi kila kipigo, na watu walioketi mbali hawakumsikia. Mwaka 1939 Charlie Christian alijiunga na Benny Goodman akiwa na gita la umeme, akaanza kupiga mistari ya solo kama mpuliza tenor. Alichukua lugha ya saksafoni akaiingiza kwenye nyuzi. Baada ya hapo kila mwaka amplifaya zilizidi kuwa kubwa. Agosti 1965 Beatles walipiga uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya elfu hamsini, na ujumbe kwa kila kijana ulikuwa wazi: ala ya kushika ni gita. Kwenye vilabu vidogo vya mitaa ya watu weusi nako kulikuwa na kinanda cha Hammond na spika yake inayozunguka, kinachoweza kuujaza ukumbi mzima kwa vidole viwili.

Mpulizaji alikuwa na maikrofoni, ndiyo, lakini maikrofoni ya kwenye stendi ni msaada wenye masharti. Lazima asimame pale pale. Akigeuka kumtazama mpiga ngoma, sauti yake inageuka naye. Akiomba aongezewe, maikrofoni ile inaongeza pia ngoma na magita yaliyo nyuma yake, na mwisho spika zinaanza kupiga mluzi. Msomaji aliyecheza dansi Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa anaijua picha hiyo: magita matatu, kila moja na amplifaya yake, na wapuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, na tarumbeta wamebanana mbele ya maikrofoni moja.

Jibu lilitoka katika miji midogo ambayo haikuwa na sifa ya muziki wa jazi hata kidogo. Elkhart, Indiana, ilikuwa mji wa viwanda vya ala za bendi tangu karne ya 19, pale C. G. Conn alipoanzisha kiwanda chake. Selmer ilikuja kutoka upande mwingine. Henri Selmer alianza kazi Paris mwaka 1885, ndugu yake Alexandre akavuka bahari akapiga klarineti katika okestra za Marekani, na biashara waliyoiacha huko ikatua Elkhart katika miaka ya 1920. Saksafoni za Mark VI, zilizoanza kutolewa mwaka 1954, zilitengenezwa Ufaransa, na nyingi zilizouzwa Marekani zilikamilishwa Elkhart. Hadi leo wapulizaji wengi wa jazi huipima saksafoni yoyote mpya kwa kuilinganisha na hiyo.

Kwa mwendo wa gari usiofika hata saa moja na nusu kutoka Elkhart, ukivuka mpaka wa jimbo la Michigan, upo mji wa Buchanan, na huko ndiko kulikokuwa na kampuni ya Electro-Voice, watengenezaji wa maikrofoni na spika. Jina la kampuni lina asili yake. Inasimuliwa kwamba Knute Rockne, kocha maarufu wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, aliugua miguu akashindwa kuzunguka uwanjani. Al Kahn na Lou Burroughs wakamtengenezea maikrofoni na spika za kuwafokea wachezaji akiwa ameketi, naye akaviita sauti yake ya umeme. Selmer ilikuwa na ala, Electro-Voice ilikuwa na umeme, na Varitone ikazaliwa kati yao.

Namna ilivyofanya kazi inafaa kuelezwa polepole, kwa sababu ubora na udhaifu wake vyote vimo humo. Maikrofoni ndogo iliingizwa kwenye tundu la shingo, ikasikiliza hewa iliyo ndani ya bomba kabla sauti haijatoka nje. Ndani humo msukumo wa sauti ni mkubwa mara nyingi kuliko unaofika sikioni mwa msikilizaji, kwa hiyo ngoma za jirani hazipenyi kirahisi na ule mluzi wa spika unapungua sana. Mpulizaji akawa huru. Angeweza kugeuka, kuinama, kutembea hadi mwisho wa waya wake, na sauti ikabaki vile vile.

Lakini sauti ya ndani ya shingo si ile tunayoizoea. Saksafoni hutoa sauti yake kupitia matundu yaliyo wazi ubavuni na kupitia mdomo wake mpana, na huko ndiko unakotoka ule mng'aro na ile pumzi inayosikika pembeni ya noti. Maikrofoni ya shingoni haivisikii hivyo. Inasikia kitu kizito zaidi, cha kizani, chenye pua kidogo. Waliobuni Varitone walilijua hilo, ndiyo maana kwenye kisanduku kilichofungwa ubavuni mwa ala waliweka vitufe vya kuchagua sauti angavu au nzito. Palikuwa pia na kitufe cha mwangwi, cha mtikisiko unaopandisha na kushusha sauti, na kile kilichowashangaza watu kuliko vyote: kitufe kilichoongeza noti ya pili, oktava moja chini ya ile inayopulizwa.

Hapo transista zilifanya kazi ya akili. Noti ya la, yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ikiingia kwenye sakiti hiyo hesabu yake inagawanywa kwa mbili, na nje inatoka noti ya mitetemo 220, ambayo ni la ya chini yake. Sakiti ya namna hii inataka noti moja kwa wakati mmoja, ikipewa mbili inachanganyikiwa. Gita na kinanda hupiga noti nyingi pamoja. Saksafoni karibu siku zote inatoa moja. Teknolojia ile ilikuwa changa mno kwa ala nyingine, ila kwa mpulizaji ilitosha kabisa, na ghafla mtu mmoja aliweza kusikika kama tenor na bariton wakipiga sambamba bila kupishana hata kidogo.

Sonny Stitt ndiye aliyebeba bango la kwanza. Mwaka 1966 kampuni ya Roulette ilitoa rekodi yake ya *What's New!!!*, na jalada lenyewe likatangaza kwamba anapiga Varitone. Stitt hakuwa mtu wa majaribio ya ajabu. Alikuwa fundi wa bebop, mwenye alto na tenor zote mbili, aliyeishi miaka mingi akilinganishwa na Charlie Parker hadi ulinganisho wenyewe ukawa mzigo. Ukisikiliza rekodi zake za Varitone unasikia Stitt yule yule, mistari ile ile mirefu iliyonyooka, na noti ya chini ikimfuata kila mahali. Kwangu hilo ndilo tatizo la rekodi hizo. Bebop hukimbia, na mashine inayorudia kila noti oktava moja chini inaiongezea uzito pale inapohitaji wepesi. Mwaka 1972 alirekodi *Tune-Up!* bila umeme wowote, na wapenzi wengi wa jazi wanaihesabu miongoni mwa kazi zake bora.

Wengine walijaribu pia. Varitone ya tarumbeta ilikuwepo, na Clark Terry aliirekodi mwaka 1967 katika *It's What's Happenin'*. Lou Donaldson aliitumia kwenye alto katika rekodi zake kwa kampuni ya Blue Note za mwisho wa miaka ya 1960, zikiwemo *Say It Loud!* na *Hot Dog*. Donaldson alikuwa ameshahamia kwenye muziki wa kinanda na midundo ya kucheza, na humo Varitone inakaa vizuri zaidi, kwa sababu anaposhika kishazi kifupi na kukirudia, ile oktava ya chini inakipa mwili.

Aliyeielewa kikamilifu alikuwa Eddie Harris.

Harris alizaliwa Chicago tarehe 20 Oktoba 1934, akaimba kanisani utotoni, akasoma shule ya sekondari ya DuSable chini ya Kapteni Walter Dyett, mwalimu mkali ambaye mikononi mwake walipita Nat King Cole, Gene Ammons na Johnny Griffin. Mwaka 1961 alirekodi muziki wa filamu ya *Exodus*, akipiga tenor juu kabisa kwenye noti ambazo wengi walidhani ni za alto, na rekodi ikauzwa kwa wingi usio wa kawaida kwa mpigaji wa jazi. Wahakiki hawakumsamehe kwa hilo. Walimwona mtu wa soko. Ila mwaka 1965 mtu huyo huyo alitunga "Freedom Jazz Dance", wimbo wa kuruka kutoka noti hadi noti kwa hatua ngumu zinazowatoa wapulizaji jasho, na mwaka uliofuata Miles Davis aliuingiza kwenye rekodi yake ya *Miles Smiles*. Harris alikuwa fundi mdadisi wa aina ya pekee. Alipachika mdomo wa saksafoni kwenye tarumbeta. Alipachika mdomo wa tromboni kwenye saksafoni. Alipokutana na ala iliyotobolewa shingo na kutiwa waya, alikutana na kitu kilichofanana na fikra zake.

Aprili 1967 aliingia studio New York kwa ajili ya kampuni ya Atlantic pamoja na Jodie Christian kwenye piano, Melvin Jackson kwenye besi, Richard Smith kwenye ngoma, na Ray Barretto na Joe Wohletz kwenye ngoma za mkono. Kati ya nyimbo walizorekodi ulikuwemo "Listen Here", wimbo ambao Harris alikuwa ameshaurekodi mara moja kwa ajili ya rekodi yake ya awali, *Mean Greens*. Safari hii aliupa zaidi ya dakika 7. Midundo inaanza peke yake na kukaa hapo hadi mwili wa msikilizaji umekubali. Ndipo saksafoni inaingia, na haikimbii. Anapiga kishazi, ananyamaza, anaiacha noti ya chini ijimalize, anapiga kingine. Stitt alipiga saksafoni yake iliyoongezewa kitu. Harris aliisikiliza ala mpya, akatunga kulingana na pumzi yake.

Rekodi ilipewa jina la *The Electrifying Eddie Harris*. "Listen Here" ilikatwa fupi ikatolewa kama rekodi ya nyimbo mbili, na mwaka 1968 ilipanda hadi nafasi ya 11 kwenye orodha ya rhythm and blues ya Marekani na ya 45 kwenye orodha kuu ya nyimbo za pop. Wimbo usio na maneno, unaoongozwa na saksafoni, miaka mitatu baada ya Shea! Mwaka huo huo Harris alitoa rekodi aliyoiita *Plug Me In*, jina lisiloacha shaka juu ya msimamo wake. Melvin Jackson naye aliambukizwa, akaunganisha besi yake kubwa ya mbao na vifaa vya umeme akatoa *Funky Skull*.

Viwanda vingine havikukaa kutazama. Conn, jirani wa Selmer pale Elkhart, ilitoa Multi-Vider, kisanduku cha kugawanya oktava ambacho mpulizaji yeyote angeweza kukitumia na ala yake mwenyewe. Chicago Musical Instruments, kampuni mama ya Gibson, iliuza chini ya jina la Maestro kifaa chenye vitufe vya kugeuza saksafoni iwe kama ala nyingine za kupulizwa. Vox na Hammond nazo zikaingia. Na hapo ndipo udhaifu wa Selmer ulipoonekana. Varitone ilikuwa ala nzima, saksafoni ghali na amplifaya yake juu. Wapinzani waliuza kisanduku tu, na mwanamuziki akabaki na saksafoni aliyoizoea, akilipa gharama ya tundu moja shingoni.

Mwezi Machi 1971 Harris alifika Afrika. Pamoja na mshirika wake Les McCann alipanda jukwaani Accra, kwenye Uwanja wa Black Star, katika tamasha la Soul to Soul la sikukuu ya uhuru wa Ghana, usiku uliowakutanisha pia Wilson Pickett, Ike na Tina Turner, Santana na Staple Singers. McCann na Harris walimwita mbele Amoah Azangeo, mwenyeji aliyepiga kibuyu, na tukio hilo limo kwenye filamu iliyopigwa usiku ule. Nalitaja kwa sababu mara nyingi muziki huu husimuliwa kana kwamba uliishia Chicago na New York. Ile falsafa ya "Listen Here", ya kuutanguliza mdundo na kuiacha ala ya solo iongee kwa vipande, ilipokelewa Accra bila mkalimani.

Varitone yenyewe ilikuwa tayari inapotea sokoni. Katika miaka ya 1970 wapulizaji kama Michael Brecker walipitisha saksafoni zao kwenye vifaa vidogo vya kukanyaga, vilivyotengenezwa kwa ajili ya wapiga gita na kupatikana kila duka. Ikaja Lyricon, ala ya kupuliza isiyotoa sauti yoyote yenyewe, pumzi ikiwa ni amri tu kwa mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Akai ilianza kuuza EWI, ala ya namna hiyo hiyo iliyobuniwa na Nyle Steiner. Na mafundi wa sauti walijifunza kufunga maikrofoni ndogo kwenye mdomo wa saksafoni, zinazosikia ala kama sikio linavyoisikia. Harris aliendelea na umeme kwa namna zake, akiimba ndani ya ala na kuipitisha sauti yake humo, hadi alipofariki Los Angeles mwezi Novemba 1996.

Ndipo zikaja siku za kuziba matundu. Thamani ya Mark VI ilipanda, na ghafla lile tundu likawa kasoro. Mafundi wakaombwa kulehemu viraka, kung'oa visanduku, kufuta alama za skrubu na kupaka rangi upya. Amplifaya zilitupwa au zikauzwa kwa wapiga gita. Nyaya zikapotea kwanza, kwa kuwa nani anatunza waya wenye plagi ya pini nyingi ambao hauingii mahali pengine popote?

Kwa hiyo anayenunua leo hukutana na hali tofauti. Seti kamili, yenye ala, kisanduku, waya na amplifaya, ni nadra, na ikipatikana isitenganishwe kwa sababu yoyote. Inayopatikana zaidi ni ala yenye kisanduku bila amplifaya, au iliyovuliwa kila kitu ikabaki na kiraka. Hii ya mwisho haina ubaya kwa mtu anayetaka kupiga tu, kwani kwa kawaida huuzwa chini ya Mark VI isiyoguswa, na bomba ni lile lile. Kinachotakiwa ni kukagua kiraka. Chomoa shingo, ziba upande mmoja kwa kiganja, pulizia upande wa pili. Hewa ikitoroka, hata kidogo, noti za chini zitakusumbua kila siku. Kama tundu liko wazi na maikrofoni ya asili bado ipo, angalia kiungio chake kwa namna hiyo hiyo, kwa sababu mpira wa kuzuia hewa wa zaidi ya miaka hamsini hauaminiki.

Tafadhali usizibe tundu lililo wazi. Mwenye kutaka sauti ya kawaida anaweza kutafuta shingo ya pili isiyotobolewa akaihifadhi ya asili kabatini, na ala ikabaki nzima kwa atakayekuja baadaye. Kama maikrofoni imekufa, siku hizi wapo wanaotengeneza nyingine ndogo za kukaa kwenye tundu la shingo, na ukiunganisha na kifaa cha kisasa cha kugawanya oktava utaikaribia sauti ya mwaka 1967 zaidi kuliko utakavyoikaribia kwa maikrofoni ya mdomoni, kwa sababu shina la sauti ile liko mahali maikrofoni inaposikiliza.

Kuhusu amplifaya, hapa sina utani. Ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa volti 120 hivi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Tanzania au Kenya, penye 230 au 240, umeiunguza. Inahitaji transfoma ya kushusha, na yenye uwezo wa kutosha, kwa kuwa umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde badala ya 60 na transfoma ya zamani iliyomo ndani hupata joto zaidi. Kuna jambo zito kuliko hilo. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ile zilikuwa na plagi ya pini mbili, bila waya wa ardhi. Mpiga gita anagusa nyuzi kwa vidole. Wewe umeshika mkononi na kutia mdomoni ala ya shaba iliyounganishwa kwa waya na fremu ya mashine hiyo. Kabla hujapuliza noti moja, mpelekee fundi wa elektroniki afunge waya wa ardhi, apime kama fremu ina umeme unaovuja, na abadilishe kapasita zilizokauka. Gharama hiyo ihesabu kuwa sehemu ya bei ya ala.

Ikishawaka, anza bila madoido. Zima mwangwi, zima mtikisiko, zima oktava, na uisikilize sauti tupu ya shingoni hadi sikio liizoee. Itakuonyesha mambo ambayo hewa ya chumbani huyaficha: noti uliyoianza kwa ulimi mzito, pumzi iliyoyumba kabla ya noti kukaa. Kisha washa oktava, upige noti ndefu moja moja. Utagundua kwamba mashine inapenda noti safi iliyoanza kwa uhakika, na kwamba ukiikoromesha ala kama wafuasi wa Jacquet walivyofanya, ile noti ya chini inarukaruka na kukatika, kwa sababu sauti yako imeshakuwa zaidi ya moja. Kwa hiyo mkoromo na oktava huwekwa vishazi tofauti. Unyevu wa pumzi nao hukusanyika shingoni, pale pale penye maikrofoni, basi mapumziko yakifika ichomoe shingo uikaushe kwa kitambaa.

Na kabla ya onyesho la kwanza zungumza na mpiga besi. Noti ya chini kabisa ya tenor ina mitetemo kama 104 kwa sekunde. Ukiwasha oktava inashuka hadi 52, na huko ndiko anakofanyia kazi yeye. Kubalianeni wimbo kwa wimbo nani atakaa chini na nani ataondoka.